Joto la Kambare Wachanga: Zamu ya Usiku Haikeshwi na Mlinzi Mmoja



Juma hili ukurasa wetu wa Nyumba na Riziki unageukia kazi ambayo inazungumzwa sana miongoni mwa askari, polisi na jamaa zao, hasa wale wanaotazamia kustaafu: kutotoa kambare katika matangi nyumbani. Mazungumzo hayo hayakuzuka bure. Mwaka 2013 ulipoanzishwa mpango wa Operation Wealth Creation chini ya usimamizi wa maofisa wa jeshi, samaki nao waliingia katika orodha ya mambo ya kumtajirisha mkulima. Na mwaka 2017 jeshi lilipopeleka kikosi chake cha kulinda uvuvi katika maziwa yetu, askari wengi wa nchi kavu walijikuta wakijifunza habari za samaki, nyavu na msimu wa kuzaana.

Kambare, ambaye Waganda humwita emmale, ana wanunuzi wa namna mbili angali mdogo. Wa kwanza ni wenye mabwawa wanaotaka mbegu ya kupanda. Wa pili ni wavuvi wa sangara, ambao hutunga kambare wadogo katika ndoana kama chambo. Kwa sababu hiyo, mtu asiye na shamba kubwa, ila ana chumba kimoja, maji safi na matangi machache, aweza kujipatia riziki kwa kutotoa vifaranga na kuwauza.

Mambo ya kuchagua wazazi, kudunga sindano ya homoni, kukamua mayai na kulisha vifaranga yafaa yafundishwe kwa vitendo, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki cha Kajjansi, kando ya barabara ya kwenda Entebbe, ndio wa kuulizwa. Sisi leo tutashika jambo moja tu, nalo ni joto la maji. Tumelichagua kwa kuwa ndilo linaloharibika usiku watu wamelala, na kwa kuwa kifaa kinacholileta kinaweza kuua samaki, na kwa uzembe kidogo kikaua hata watu wa nyumba.

JOTO NDIYO SAA YA KAMBARE

Mfugaji wa kuku anajua kwamba yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Yai la kambare halina hesabu moja namna hiyo. Hesabu yake hufuata joto la maji. Katika maji ya nyuzi 30 za Selsiasi mayai huanguliwa baada ya saa 20 hivi. Katika nyuzi 25 huchukua saa 27 hivi. Katika nyuzi 20 siku mbili hupita na zaidi, na wakati huo ukungu hupata nafasi ya kushika mayai yaliyokufa na kuenea hadi kwenye yaliyo hai.

Hata kabla ya hapo joto limekwisha kutawala. Jike aliyedungwa sindano ya homoni huwa tayari kukamuliwa baada ya saa 11 hivi ikiwa maji ni ya nyuzi 25, na baada ya saa 7 hivi ikiwa ni ya nyuzi 30. Basi fikiri: mtu amedunga sindano jioni, maji yakiwa nyuzi 27, akapiga hesabu yake, akalala. Usiku hita imezimika, maji yameshuka hadi nyuzi 23. Alfajiri anaamka kukamua kwa saa aliyoipanga, na jike hajawa tayari. Mayai yatoka kwa kulazimishwa, nayo hayafai. Jike mmoja wa kilo 1 aweza kutoa makumi ya maelfu ya mayai. Ndiyo hasara ya usiku mmoja.

Joto linalotakiwa kwa mayai na vifaranga ni baina ya nyuzi 26 na 30, na wengi huchagua 28. Kampala na miji mingi ya kusini iko juu ya uwanda wa mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku hewa hushuka hadi nyuzi 17 au 18. Kabale na milima ya kusini-magharibi baridi ni kali zaidi. Maji ya tangi yaliyoachwa hivi hivi hayawezi kufika nyuzi 28 wala kukaa hapo. Hivyo hapana budi kuyapasha moto.

KOSA LA KUNUNUA HITA MOJA KUBWA

Desturi ya watu wengi ni kwenda dukani na kuomba hita yenye nguvu kuliko zote, wakidhani kwamba ukubwa ndio uimara. Katika kazi hii mawazo hayo yana hatari, na sababu yake tutaieleza.

Hita ya tangi ina sehemu mbili: waya unaopata moto, na themostati, yaani swichi inayokata umeme maji yakifika joto lililopangwa na kuurudisha yakipoa. Waya hukatika mara chache. Themostati ndiyo inayofanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, ikiwasha na kuzima, na kila inapokata umeme cheche ndogo huruka baina ya ncha zake. Baada ya miezi mingi ncha hizo huchakaa. Zikichakaa hufanya moja ya mambo mawili: ama hukataa kushikana, maji yakapoa; ama hugandana zisiachane tena, maji yakaendelea kupata moto bila kikomo. Jambo la pili ndilo baya zaidi. Maji yanayopoa humpa mfugaji saa kadhaa za kugundua. Yanayochemshwa na hita kubwa hayampi nafasi.

Tuchukue tangi la lita 300. Hita ya wati 1,000 ikigandana, hupandisha maji hayo karibu nyuzi 3 kwa kila saa. Maji yaliyokuwa nyuzi 28 saa 6 za usiku yatafika 33 na zaidi saa 8, na kabla ya jogoo kuwika hakuna kifaranga atakayekuwa hai. Hita ya wati 150 ikigandana katika tangi lile lile haiwezi kupandisha hata nusu ya nyuzi moja kwa saa, na usiku wa baridi joto lake lote huenda likapotea hewani.

Hilo ndilo fundisho la leo. Usinunue hita kwa kuamini kwamba haitaharibika. Inunue ukijua kwamba siku moja itaharibika, kisha upange mambo yako hata uharibifu huo uwe mdogo na uwe wa polepole. Askari anaelewa jambo hili kuliko raia. Lindo la usiku haliachiwi mtu mmoja pasipo wa kumpokea, hata akiwa hodari namna gani.

JARIBIO LA USIKU MMOJA

Sasa swali ni hili: hita zipi, na za wati ngapi? Usikisie, wala usimwachie mwuza duka akukisie. Pima mwenyewe kwa jaribio la usiku mmoja, kabla hujaweka yai hata moja.

Jaza tangi lako maji, uyafunike kama yatakavyofunikwa siku ya kazi. Yapashe moto hadi nyuzi 28, kisha zima kila kitu isipokuwa pampu ya hewa. Andika saa na joto. Rudi baada ya saa 6, nyakati za baridi kabisa za usiku, uandike tena. Sasa fanya hesabu hii: zidisha lita za maji kwa nyuzi zilizopungua, zidisha kwa 1.16, kisha gawanya kwa idadi ya saa. Jibu ni wati ambazo tangi lako linapoteza.

Mathalani, tangi la lita 300 limeshuka kutoka nyuzi 28 hadi 25 kwa saa 6. Lita 300 mara nyuzi 3 ni 900. Zidisha kwa 1.16, utapata 1,044. Gawanya kwa saa 6, jibu ni 174. Tangi hilo hupoteza wati 174 usiku.

Sasa nunua hita mbili, kila moja ikiwa na wati chache kidogo kuliko jibu lako, na zote mbili pamoja zikilizidi kwa nusu au zaidi. Kwa mfano wetu, hita mbili za wati 150 zinafaa. Tazama faida yake. Zikiwa nzima zote, zina wati 300, na joto litadumu bila taabu. Moja ikizimika, iliyobaki itakaribia kuyashikilia maji peke yake, na hata asubuhi yatakuwa yameshuka chini ya nyuzi moja. Moja ikigandana, wati zake 150 haziwezi kushinda baridi ya usiku inayochukua 174, na nyingine itajizima yenyewe kwa kuwa maji yanatosha moto. Mchana, chumba kikipata joto, maji yataanza kupanda polepole. Lakini mchana watu wako macho na wataona.

Jibu lako likiwa kubwa mno, usikimbilie hita zaidi. Punguza kwanza kinachopotea. Weka tangi juu ya ubao au magunia makavu, si juu ya saruji tupu. Zungushia pande zake magodoro ya sponji yaliyochakaa au mablanketi makuukuu, ukiyafunga nje yasiguse maji. Funika juu, kwa kuwa joto jingi hutoka pamoja na mvuke, lakini acha nafasi ya hewa. Wenye matangi mengi hujenga kibanda cha karatasi ya nailoni inayopitisha jua, na jua la mchana huwapunguzia gharama ya usiku. Kisha rudia jaribio. Kila wati iliyookolewa kwa blanketi ni wati usiyoilipia.

KUCHAGUA HITA DUKANI

Ukifika dukani angalia mambo haya. Kwanza, wati na volti ziwe zimeandikwa juu ya hita yenyewe, si juu ya sanduku tu. Pili, iwe imetengenezwa kuzama katika maji, na iwe na alama ya kuonyesha maji yasipungue kufika wapi. Tatu, iwe na kinga ya kujizima ikiachwa kavu. Hita ya kioo iliyopata moto nje ya maji kisha ikatumbukizwa hupasuka mara moja. Nne, waya wake uwe mnene na uingie katika hita pasipo ufa. Hita ya chuma kisichoshika kutu hugharimu zaidi ya ile ya kioo, lakini haivunjwi na ndoo wala na mkono wa mtoto.

Usitumie kabisa ule msokoto wa waya wa kuchemshia maji ya chai au ya kuoga. Hauna themostati, haukukusudiwa kukesha, na wengi wamepigwa na umeme kwa sababu yake.

Hita mpya isiende moja kwa moja kwenye mayai. Iweke katika pipa la maji kwa siku moja na usiku wake, uone kama inajizima na kujiwasha kwa joto uliloipangia. Namba zilizoandikwa kwenye kitasa zisikudanganye. Mara nyingi hupishana na ukweli kwa nyuzi 1 au 2.

MLINZI WA TATU, NA WA NNE

Juu ya hita mbili, ongeza mlinzi wa tatu: themostati ya peke yake, yenye kipimo chake majini, ambayo umeme wa hita zote mbili hupitia ndani yake kwanza. Hita zipangiwe nyuzi 28. Huyu mlinzi apangiwe 29 na nusu. Siku zote atakuwa kimya, akiacha umeme upite. Siku ambayo ncha za hita zimegandana na maji yamepanda, yeye ndiye atakayekata. Vifaa hivyo hupatikana kwa wauzaji wa mashine za kutotolea mayai ya kuku. Hakikisha tu kwamba kinaweza kubeba wati za hita zako zote pamoja.

Mlinzi wa nne ni kipimajoto ambacho hakina uhusiano wowote na umeme. Chagua cha kioo chenye spiriti nyekundu. Cha zebaki kikivunjika majini ni sumu. Nunua viwili. Kabla ya kuviamini, ponda barafu, changanya na maji kidogo, vitumbukize humo dakika chache. Vyote viwili vionyeshe sifuri. Kisichofika sifuri, andika kosa lake kwenye karatasi, au kirudishe dukani.

Kisha fungua daftari la zamu. Saa 12 jioni, saa 4 usiku, saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, mtu aende kwenye tangi, asome, aandike, atie jina lake. Tangu mwaka 2007 askari wengi wa Uganda wamehudumu Somalia, na nyumbani mama ndiye aliyebaki na kila kitu. Yeye hawezi kukesha kila usiku na mchana afanye kazi. Basi katika siku zile chache za mayai na vifaranga wachanga, zamu zigawanywe: watoto wakubwa wachukue ya jioni, mama achukue ya usiku wa manane, shangazi au ndugu aliye nyumbani achukue ya alfajiri. Daftari litamwonyesha kila mmoja kama joto linapanda au linashuka kabla halijafika mahali pabaya.

UMEME UKIKATIKA

Umeme hukatika kwa njia nyingi. Mvua kubwa huangusha nguzo. Na wenye mita ya Yaka huweza kujikatia wenyewe, uniti zikiisha saa 8 za usiku. Kwa hiyo katika majuma ya kutotoa, nunua uniti mapema, na mtu aangalie mita kila jioni pamoja na maji.

Umeme ukikatika, wengi hukimbilia joto kwanza. Sivyo. Kinachoanza kuua ni ukosefu wa hewa. Kambare mkubwa aweza kuvuta hewa juu ya maji, hata akaishi katika tope. Lakini kifaranga mchanga bado hana kiungo hicho kilichokomaa, naye hutegemea hewa iliyoyeyuka majini. Maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi, na katika miinuko yetu hushika kidogo zaidi. Pampu ikinyamaza katika tangi lililojaa vifaranga, hali huweza kuharibika upesi kuliko baridi ingeweza kufanya. Tangi la lita 300 lililofunikwa vizuri, katika mfano wetu, lilishuka nusu ya nyuzi moja tu kwa saa. Kwa hiyo fuata taratibu hii.

Kwanza ni hewa. Weka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na si vizuri kuimaliza zaidi ya nusu. Nusu yake, yaani wati-saa 600, huendesha pampu ya wati 20 kwa saa 30. Lakini hita zetu mbili za wati 300 zingeimaliza nusu hiyo kwa saa 2. Hapo utaona kwamba betri ni ya hewa, si ya joto. Anayenunua betri kubwa ili apashe maji moto anatupa fedha yake.

Pili ni kufunika. Ongeza blanketi juu na pembeni, ukiacha mahali pa hewa.

Tatu ni maji ya moto katika jerikani. Chemsha maji jikoni, yaache yapoe kidogo, uyatie katika jerikani la lita 5 la mafuta ya kupikia lililosafishwa nje na ndani. Lifunge barabara, uliweke ndani ya tangi, upande ulio mbali na mayai. Jerikani moja la maji ya nyuzi 80 huweza kupandisha lita 100 za maji kwa nyuzi 2 hivi, tena polepole; tangi la lita 300 litahitaji matatu. Usitumie chupa nyembamba za maji ya kunywa, kwani hujikunja zikipata moto. Wala usimimine maji ya moto moja kwa moja tangini. Utaunguza vifaranga walio karibu, na kama ni maji ya bomba ambayo dawa yake haijatoka, utawadhuru wote.

Nne ni jenereta, kwa mwenye nayo. Iwashwe kila mwezi ijapokuwa haihitajiki, ili siku ya haja isikatae.

Na ikiwa maji yamezidi moto, ng'oa plagi za hita, fungua kifuniko, ongeza hewa, kisha tumbukiza jerikani zilizofungwa zenye maji baridi. Usitupe barafu ndani. Joto lirudi kwa utaratibu. Mshtuko wa ghafula huua kama moto wenyewe.

HAYA YAHUSU MAISHA YA WATU

Tumezungumza juu ya vifaranga. Sasa tuzungumze juu ya watoto wetu, nao wana thamani isiyopimwa.

Usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba cha matangi kilichofungwa, wala usilale humo. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kuona usingizi, akafa pasipo kujua. Jenereta hutoa gesi hiyo hiyo. Ikae nje kabisa, mbali na milango na madirisha, hata mvua ikinyesha. Ijengewe kibanda chake. Maji ya jerikani yachemshiwe jikoni au uani, yabebwe yakiwa tayari.

Umeme na maji ni maadui. Kabla ya kutia mkono tangini, ng'oa plagi zote, si kuzima swichi tu. Waya wa kila hita ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone la maji lianguke sakafuni lisiingie katika soketi. Fundi mwenye leseni akuwekee swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, na ahakikishe kwamba waya wa ardhini unafika ardhini kweli. Gharama yake ni ndogo kuliko ya msiba. Hita mbili zisichomekwe katika kamba moja ya kuunganisha iliyojaa vitu vingine, kwani kamba hizo hupata moto na kuchoma nyumba.

Nanyi mnaokaa katika kota za kambi na za polisi, neno moja zaidi. Nyaya za kota ziliwekwa kwa taa na matumizi madogo ya nyumbani, na ukuta mmoja hutenganisha jamaa na jamaa. Moto wa nyumba moja ni moto wa safu nzima. Tena umeme wa serikali haukuwekwa kwa biashara ya mtu binafsi. Anayetaka kutotoa kambare aombe ruhusa kwa mkuu wake, au aanzishe kazi hiyo kwenye kiwanja chake mwenyewe, penye mita yake mwenyewe.

KWA KUMALIZIA

Wako watakaosema kwamba haya ni mengi: hita mbili, themostati ya tatu, vipimajoto, daftari, betri, jerikani, mablanketi. Lakini tazameni vema. Hita mbili ndogo pengine hazizidi sana bei ya moja kubwa. Jerikani na mablanketi yamo nyumbani tayari. Daftari ni la mtoto wa shule. Kinachobaki kununuliwa ni themostati, betri na swichi ya usalama, na vyote hivyo vitahudumu mizao mingi. Mwenye kiinua mgongo mkononi asianze na matangi kumi. Aanze na moja, alipime kwa jaribio la usiku mmoja, alitotoe mara mbili au tatu, ajue tabia yake, ndipo aongeze la pili.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Leo, kabla ya kulala, mwenye tangi lenye hita moja achukue kipimajoto, kalamu na karatasi, azime hita kwa saa 6 ikiwa hakuna mayai, afanye ile hesabu ya lita, nyuzi na saa. Akipata jibu, atajua la kununua Jumamosi.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutaeleza jinsi ya kuwahesabu vifaranga wa kambare bila kuwajeruhi, na jinsi ya kuwasafirisha katika mifuko ya nailoni hadi kwa mnunuzi. Hadi hapo, kila la heri katika zamu zenu.